VPN ya bure hugharimu shilingi ngapi?

Shilingi 965,000. Kiasi hicho ndicho kinachotoka ukipiga hesabu ya mwaka wa kwanza wa VPN ya biashara ya jumla yenye wafanyakazi 24, iliyojengwa kwa Linux na WireGuard. Linux hailipiwi. WireGuard hailipiwi. Seva ya kukodi inachukua shilingi 180,000. Zilizobaki, shilingi 785,000, ni za muda wa fundi.

Ni hesabu ya mfano, na kila tarakimu yake inawekwa wazi hapa chini ili mwenye biashara aitoe na kuweka ya kwake. Tarakimu zitabadilika, lakini mgawanyo wake hausogei sana. Katika VPN ya programu huria, kinachozungumzwa kuliko vyote ni programu, nayo ndiyo isiyo na bei. Pesa huondokea kwingine: kwenye anwani, kwenye bando, kwenye umbali, na zaidi ya yote kwa mtu anayeitunza.

Mfano wenyewe ni huu. Biashara ina ghala Dar es Salaam na maduka Morogoro, Dodoma na Mwanza. Programu ya mauzo na stoo imewekwa kwenye kompyuta moja iliyoko ghalani. Wafanyakazi 24, kila mmoja na kompyuta yake, wanataka kuifikia popote walipo bila mtu wa nje kuchungulia. Dola 1 tumeihesabu kwa shilingi 2,500, na saa moja ya fundi kwa shilingi 15,000.

Anwani ndiyo bidhaa

Anwani zote za IPv4 duniani ni 4,294,967,296, pungufu ya idadi ya watu. Tangu Januari 2020, AFRINIC, msajili wa anwani za Afrika mwenye makao Mauritius, yuko katika awamu ya mwisho ya kugawa akiba yake, na mwanachama anayeomba hapewi zaidi ya anwani 1,024 kwa mara moja. Kampuni ya simu yenye mamilioni ya wateja haiwezi kumpa kila mteja anwani yake. Inawaweka wengi nyuma ya anwani moja.

Kwa kazi hiyo kulitengwa, Aprili 2012, fungu la anwani 4,194,304 zinazoanzia 100.64.0.0. Fungua ukurasa wa mipangilio ya ruta ya ghalani uangalie anwani iliyopewa upande wa nje. Ikiwa inaanza na 100 na namba inayofuata iko kati ya 64 na 127, ghala limo kwenye kundi hilo. Kompyuta yake inaweza kupiga hodi kwa wengine, lakini hakuna anayeweza kuipigia hodi yenyewe.

Ndiyo maana inakodiwa seva ndogo yenye anwani ya umma, ghala na wafanyakazi wote wakutane hapo. Kwa kampuni kama DigitalOcean, dola 6 kwa mwezi hukupa kumbukumbu ya GB 1, prosesa moja na ruhusa ya kutoa GB 1,000 za data. Kwa mwaka ni dola 72, yaani shilingi 180,000. Prosesa hiyo itashinda imekaa bure karibu siku nzima, kwa sababu watu 24 wa stoo hawaichoshi. Unacholipia hasa ni anwani. Amazon wameipa bei yake peke yake: tangu tarehe 1 Februari 2024, kila anwani ya umma ya IPv4 kwenye huduma yao ya AWS hutozwa dola 0.005 kwa saa. Kwa mwezi wa saa 730 ni dola 3.65, sawa na asilimia 61 ya bei ya seva nzima tuliyoitaja.

Mistari 4,000

WireGuard iliandikwa na Jason A. Donenfeld na ikaingizwa ndani ya kiini cha Linux toleo la 5.6, lililotoka Machi 2020. Ilipoingia ilikuwa na takriban mistari 4,000 ya msimbo. OpenVPN, iliyotangulia mwaka 2001, inahesabiwa kwa makumi ya maelfu ya mistari kabla hujaongeza maktaba ya usimbaji ambayo OpenVPN huitegemea. Tofauti hiyo ina maana kwa mlipaji. Mistari 4,000 mtaalamu mmoja anaweza kuisoma yote na kuikagua.

Kwa kasi pia kuna pengo. Katika vipimo alivyochapisha Donenfeld mwenyewe mwaka 2017, kwenye waya wa gigabiti moja, WireGuard ilipitisha megabiti 1,011 kwa sekunde na OpenVPN megabiti 258. Ni vipimo vya mwenye mali, na ni vya zamani. Hata hivyo ofisi yenye intaneti ya megabiti 20 haitaona tofauti ya namba hizo, bali itaiona kwenye wepesi wa kuunganika tena umeme unaporudi.

Ufungaji wenyewe ni mfupi. Kwenye Debian 11 na matoleo ya baadaye, kiini tayari kina WireGuard, na kinachobaki ni kuweka zana zake kwa `apt install wireguard`. Kila kifaa kinatengenezewa jozi ya funguo kwa `wg genkey` na `wg pubkey`. Ufunguo mmoja ni baiti 32, na ukiandikwa unakuwa herufi 44. Kisha linaandikwa faili `/etc/wireguard/wg0.conf`. Upande wa seva lina mistari 4 ya utambulisho: kichwa, ufunguo wa siri, anwani ya ndani na mlango, ambao kwa kawaida ni 51820. Baada ya hapo kila kifaa kinachukua mistari 3. Vifaa 25, yaani wafanyakazi 24 na kompyuta ya ghala, ni mistari 75. Jumla ni 79. Unaruhusu Linux kupitisha pakiti kutoka kifaa hadi kifaa kwa `net.ipv4.ip_forward=1`, unawasha kwa `wg-quick up wg0`, basi.

Anwani za ndani zichague kwa makini. Fungu kama 10.44.0.0/24 lina nafasi za vifaa 254 na linatosha kwa miaka mingi. Kosa la kawaida ni kutumia 192.168.1, kwa kuwa ruta nyingi za nyumbani hutumia hilohilo. Mfanyakazi akiwa nyumbani, kompyuta yake haitajua ghala liko upande gani.

Tukimpa fundi saa 8 za kuandaa seva, ni shilingi 120,000. Kila kifaa tukikipa dakika 20, ni shilingi 5,000, na vifaa 25 ni shilingi 125,000. Dakika hizo 20 haziendi kwenye kuandika mistari mitatu. Zinakwenda kwenye kukaa na mfanyakazi, kutengeneza ufunguo wa siri kwenye kompyuta yake mwenyewe, na kuchukua ule wa umma peke yake kuupeleka kwenye seva. Fundi mwenye haraka hutengeneza funguo zote kwake na kuzituma kwa WhatsApp. Ataokoa saa kadhaa, na kuanzia siku hiyo funguo za siri za biashara nzima zitakuwa kwenye simu za watu.

Mstari mmoja, bili mara ishirini

Kwenye faili la mfanyakazi kuna mstari unaoitwa `AllowedIPs`. Unaamua ni data ipi ipite kwenye VPN. Ukiandika `10.44.0.0/24`, itapita ya biashara tu. Ukiandika `0.0.0.0/0`, itapita yote: stoo, barua pepe, YouTube na mpira wa Jumamosi.

Tuseme mfanyakazi mmoja anatumia MB 300 za kazi kwa siku. Kwa siku 26 za mwezi ni GB 7.8, na kwa watu 24 ni GB 187.2. Ruhusa ya GB 1,000 haijaguswa hata robo. Sasa tuseme data yake yote, ya kazi na ya starehe, ni GB 3 kwa siku. Watu 24 kwa siku 26 ni GB 1,872. Umevuka ruhusa kwa GB 872. Kwa DigitalOcean, wanaotoza takriban dola 0.01 kwa kila GB ya ziada, ni dola 8.72 kwa mwezi. Inaumiza kidogo lakini inavumilika.

Kwa AWS hadithi ni nyingine. Kule GB 100 za kwanza zinazotoka kila mwezi ni bure, kisha kila GB ni dola 0.09 kwenye vituo vyao vya Marekani na Ulaya. Kwa data ya kazi tu, unalipia GB 87.2, yaani dola 7.85. Kwa data yote, unalipia GB 1,772, yaani dola 159.48, sawa na shilingi 398,700 kila mwezi, kabla ya kodi ya seva. Ni mara 20, na kilichobadilika ni mstari mmoja.

Tena hiyo ni bili ya seva peke yake. Kila GB ya stoo inayomfikia mtu wa Mwanza imetoka ghalani kwa bando la ghala, imepita kwenye seva kwa ruhusa ya seva, imeingia kwa bando la Mwanza. GB hiyo moja imehesabiwa mara tatu. Wenye bando la kupima wasiisahau hesabu hii.

Ada ya kila pakiti

Kila pakiti inayoingia kwenye handaki la WireGuard, yaani njia iliyosimbwa kati ya kifaa na seva, huvishwa baiti 60 juu yake: 20 za IPv4, 8 za UDP na 32 za WireGuard yenyewe. Kwa IPv6 ni 80, na ndiyo sababu ukubwa wa pakiti ya ndani huwekwa baiti 1,420 badala ya 1,500. Kwa pakiti iliyojaa, ada hiyo ni asilimia 4.2. Ukipakua faili hutaisikia.

Pakiti ndogo ndizo zinazokamuliwa. Simu ya intaneti inayotumia kodeki ya G.711 hutuma pakiti 50 kwa sekunde, kila moja ya baiti 200. WireGuard huijaza pakiti hadi igawanyike kwa 16, kwa hiyo 200 inakuwa 208, ukiongeza 60 ni 268. Ongezeko ni asilimia 34. Saa moja ya maongezi inapanda kutoka MB 36 hadi MB 48.24 kwa kila upande. Duka linalopiga simu za oda ghalani kutwa kupitia VPN lihesabu theluthi moja zaidi ya bando la sauti.

Kukaa kimya nako kuna bei, ila ndogo. Mtandao wa simu husahau muunganisho usiotumika, kwa hiyo kompyuta ya ghala huwekewa agizo la kutuma pakiti tupu kila baada ya sekunde 25. Kwa siku ni pakiti 3,456 za baiti 60, takriban KB 207. Juu yake, funguo za muda hubadilishwa kila baada ya dakika 2, na kila badiliko linachukua baiti 296 kwenda na kurudi, jumla KB 213. Kwa mwezi yote hayafiki MB 13.

Kilomita 26,500 kwenda jirani

Seva nyingi za bei nafuu ziko Ulaya. Tuseme yetu iko Frankfurt. Duka la Mwanza likiuliza bei ya mfuko wa saruji ghalani Dar es Salaam, swali linakwenda Ujerumani kwanza. Kwa mstari ulionyooka, Mwanza hadi Frankfurt ni takriban kilomita 6,290, na Frankfurt hadi Dar es Salaam kilomita 6,980. Swali na jibu kwa pamoja yanasafiri kama kilomita 26,500. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo safari hiyo haiwezi kuisha chini ya milisekunde 132, na mikongo ya baharini hainyooki. Mwanza hadi Dar es Salaam moja kwa moja ni kilomita 855. Kwenda na kurudi ni milisekunde 8.6.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka uone namna programu za stoo zinavyoongea na hifadhidata yao. Si ajabu ukurasa mmoja kuuliza maswali 200 moja baada ya jingine. Kwa milisekunde 132 ukurasa unafunguka baada ya sekunde 26, na kwa milisekunde 8.6 ni chini ya sekunde 2. Wafanyakazi 15 walio nje ya Dar es Salaam, kila mmoja akifungua kurasa 40 kwa siku, wanapoteza kwa pamoja saa 4 kila siku wakitazama kiduara kikizunguka. Hakuna programu ya VPN, ya bure au ya kulipia, inayoweza kuzirudisha saa hizo. Zinarudishwa kwa kuhamisha seva.

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika, na intaneti ikayumba Afrika Mashariki nzima. Siku kama hiyo, VPN yenye kitovu Ulaya hulitenganisha duka la Mwanza na ghala la Dar es Salaam hata kama Mkongo wa Taifa ulio kati yao ni mzima. Kwa hiyo seva ya Dar es Salaam, hata ikiuzwa kwa bei mara mbili, inaongeza shilingi 180,000 kwa mwaka, na inazilipa ndani ya siku chache. La kuuliza kabla ya kulipia ni moja: je, mwenye seva anabadilishana trafiki hapa nchini, kwa mfano kwenye kituo cha TIX, na kampuni zinazouza intaneti kwa maduka yako? Kama habadilishani, pakiti zitakwenda ng'ambo na kurudi vilevile.

Funguo huzaana

Njia nyingine ni kuacha kitovu kabisa, kila ofisi iunganike na kila ofisi. Kwa ofisi 4 ni mahandaki 6. Kwa ofisi 6 ni 15. Kwa 30 ni 435, na kwa kuwa kila handaki huandikwa pande mbili, ni maandishi 870 ya kutunza. Ofisi ya 31 ikifunguliwa, mafaili 30 ya zamani yanahaririwa. Kwa kitovu, vituo hivyo 30 vina maandishi 60, na cha 31 kinaongeza 2 tu. Kwa biashara ya mfano wetu, kitovu kinatosha.

Kazi inayobaki ndiyo ya kila mwezi. Mfanyakazi akiondoka, mistari yake 3 ifutwe siku hiyohiyo. Kompyuta ikiibwa, hivyohivyo. Masasisho ya usalama yawekwe. Nakala ya faili la mistari 79 ihifadhiwe pengine. Amri ya `wg show` iangaliwe: kila kifaa kinaonyesha muda uliopita tangu kilipopeana mkono na seva mara ya mwisho, na kifaa ambacho hakijawahi kuunganika hakionyeshi mstari huo kabisa. Toleo moja la Debian hutunzwa takriban miaka 5 ukijumlisha muda wa nyongeza, kisha seva ihamishwe kwenye jipya. Saa 3 kwa mwezi ni makadirio ya wastani. Kwa mwaka ni saa 36, shilingi 540,000.

Sasa jumla yote:

- Seva na anwani: shilingi 180,000
- Kuandaa seva: shilingi 120,000
- Vifaa 25: shilingi 125,000
- Matunzo ya mwaka: shilingi 540,000
- Jumla: shilingi 965,000

Asilimia 81 ni ya mtu.

Lini ujenge, lini ununue

Tuseme kuna huduma ya VPN ya kulipia inayotoza dola 6 kwa mtumiaji kwa mwezi, shilingi 180,000 kwa mwaka. Kwa watumiaji 24 ni shilingi 4,320,000, mara nne na nusu ya kujijengea. Kwa watumiaji 4 ni shilingi 720,000, ilhali kujijengea kunagharimu 865,000, kwa sababu seva, maandalizi na matunzo hayapungui watu wakipungua. Mizani inageuka kwenye mtumiaji wa 5: 900,000 dhidi ya 870,000. Hata anayenunua atahitaji saa chache za fundi za kusajili na kufuta watu, jambo linaloivuta mizani kidogo upande wa kujijengea. Chini ya watu 5, usione haya kununua.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye bei ya mtu yeyote. Oktoba 2023, TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, iliwataka watu na kampuni zinazotumia VPN Tanzania kuwasilisha taarifa zao, ikiwamo anwani ya IP, kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Adhabu iliyotajwa, kwa mujibu wa Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020, ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Faini hiyo ni zaidi ya mara 5 ya mtandao mzima wa mfano wetu. Kwa VPN ya kujijengea, anwani ya kuandikisha ni moja, nayo ni yako. Jaza fomu ya TCRA siku ileile unayowasha seva.

Na bajeti ikibanwa, ujue pa kukata. Wengi hukata saa 3 za mwezi kwa sababu ndizo fungu kubwa na hazionekani zikifanya chochote. Wakizikata, VPN itaendelea kuwaka kama kawaida, huku funguo za walioacha kazi zikifungua stoo na seva ikikaa miaka bila sasisho. Kata kwingine: punguza `AllowedIPs` ibaki data ya kazi, toa kwenye orodha vifaa visivyohitaji kufika ghalani, chagua seva ndogo zaidi inayoweza kubeba mzigo. Saa za fundi zibaki. Linux na WireGuard hazikuziondoa kwenye hesabu, zilichoondoa ni ada ya leseni, na ada hiyo iliyookolewa ndiyo inayopaswa kumlipa fundi.